Kati ya Ta na Pu

Dada yangu alipojifungua, mama mkwe wake alimpa kitanda cha karibu na dirisha, blanketi jipya, na amri moja: mikono ipumzike. Kule Kikatiti, kama ilivyo kwetu upande wa Kilimanjaro, mzazi haguswi na kazi. Hafagii, hafui, hachoti maji, hainami jikoni. Anakula mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, analala, ananyonyesha, anakula mtori tena, na nyumba nzima inangoja anenepe. Nimewasikia wanawake wengi wakiusifu uzazi kuwa ndiyo likizo pekee waliyowahi kuipata maishani. Dada yangu hakuwa mmoja wao.

Alinipigia simu mchana mmoja nikiwa mezani kwangu Sekei, nabishana na sura ya riwaya iliyokataa kwisha.

"Unafanya nini?"

"Naandika."

"Una bahati. Mimi leo nimehesabu mbao za dari."

Nilicheka, yeye hakucheka. Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwake tangu tuko wadogo. Alikuwa analia taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Siumwi," akasema kabla sijauliza. "Mtoto mzima, mama mkwe ananitunza vizuri mno. Ila mdogo wangu, kila anayeingia hapa anamwangalia mtoto, halafu ananiangalia kifuani kama maziwa yapo, halafu anaondoka. Nimeanza kusahau nilikuwa mtu gani."

Mimi nilikuwa sijasahau hata kidogo.

Tulikulia Daraja Mbili, na pale mtaani kulikuwa na kibanda cha gemu: mabati, benchi mbili, tivii yenye mgongo mrefu, na mashine ya gemu iliyofungwa mnyororo kwenye mguu wa meza kama mbwa mkali. Wavulana walijaa mle kuanzia wakitoka shule. Wasichana tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na mimi niliingia kwa sababu yake. Dada yangu aliposhika padi, kile kidude cha vitufe cha kushikwa kwa mikono miwili, benchi zote zilinyamaza. Alicheza mpira wa kwenye kioo kama mtu anayesuka nywele: haraka, bila kuangalia vidole, huku akiongea mambo mengine kabisa. Alikuwa na chenga moja ya kurudi nyuma ambayo mtaa mzima uliijua na hakuna aliyeweza kuizuia.

Jumamosi jioni ilikuwa siku yetu sisi wawili. Nyumbani maji yalikuwa hayafiki, yalichotwa kwenye bomba la jirani, na tulikubaliana kwamba anayefungwa ndiye anayechota. Kwa miaka yote ile nilichota mimi. Filimbi ya mwisho ikipulizwa, dada aliweka padi chini, akanyoosha kidole kuelekea nyumbani, na kusema maneno mawili tu: "Ndoo hiyo." Benchi zilicheka hadi mabati yakatikisika. Nilimchukia kwa muda wa kwenda na kurudi bombani, kisha nikampenda tena.

Kwa hiyo nilipokata simu mchana ule niliiacha riwaya yangu na kuanza kutafuta namna ya kumrudishia dada yangu Jumamosi yake.

Mashine mpya ya gemu ilikuwa na bei ya ng'ombe wa maziwa, hiyo niliifuta mapema. Lakini katika kusoma huku na huku nikakutana na habari ya gemu za kutiririshwa. Mashine yenyewe, ile kubwa na ya gharama, imekaa mbali, nchi nyingine huko, katika jengo la kampuni. Wewe nyumbani una tivii, padi na intaneti. Ukibonyeza kitufe, amri inasafiri hadi kule, mchezaji anapiga mpira kule, na picha inarudi kwako. Nilipowaeleza rafiki zangu waandishi, wale tunaokutana kusomeana kazi zetu, mmoja alisema: "Yaani ni kama kufinyanga chungu kwa kumtuma mtu." Nilimwambia ndiyo, na kama aliyetumwa ana mbio za kutosha, chungu kinatoka.

Tatizo ni kwamba kampuni za namna hiyo ni nyingi, na kila moja inajisifu kuliko nyingine. Nikampigia dada.

"Nimekupatia wachumba," nikamwambia.

"Nina mume, we mtoto."

"Wa gemu. Nitakuletea mmoja mmoja. Uwaone, uchague."

Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, nikaisikia sauti ya Daraja Mbili. "Wewe ndiye mshenga?"

"Ndiye mimi."

"Basi posa imeharibika tayari. Lete hao wachumba."

Mchumba mmoja hakufika hata mlangoni. Nilijaza kila alichotaka kujua, nikabonyeza, na kioo kikaandika kwamba huduma hii haipatikani nchini kwako. Nilimsomea dada sentensi hiyo kwenye simu, naye akasema, "Amekataa kabla ya kuniona? Mwambie mahari yake isingetutosha." Tukabaki na watatu.

Kulikuwa na kikwazo kingine, nacho ni mama mkwe. Ni mwanamke ninayempenda, mrefu, mwenye sauti ya kwaya na mikono ya shamba, na katika uzazi wa dada yangu alikuwa jemadari. Amri ya mikono haikuwa na tafsiri. Siku moja dada alikunja nepi, akanyang'anywa nepi. Angeiona padi, angeona kazi. Lakini Jumapili mama alikwenda ibada ya pili, ile ndefu, ambayo kwaya yake huimba. Shemeji yangu, anayefanya biashara ya nyanya na anayempenda mke wake kwa vitendo zaidi ya maneno, alikwenda ya kwanza, ile ya alfajiri, na kurudi kushika mtoto. Mimi pia nasali ya kwanza. Kwa hiyo saa ambayo mama alikuwa akiimba ilikuwa saa yetu. Padi niliinunua mimi, shemeji ndiye aliyeiunganisha kwenye tivii ya sebuleni, na tivii kwenye ruta, kile kisanduku cha intaneti. Nilikuwa nimemtumia na maelekezo, hakuyahitaji.

Mimi nilikuwa Sekei na padi yangu, dada alikuwa Kikatiti na yake, na simu ya kawaida ilikuwa wazi kati yetu, imeegemea kikombe. Kila mmoja alimwona mchumba kwenye kioo chake.

Nilitaka tuwapime kwa haki. Nilikuwa nimesoma maneno mengi ya kitaalamu kuhusu ubora wa picha na kasi, ila dada aliyafuta yote.

"Penati," akasema. "Tupige penati. Nafumba macho nasikiliza. Kitufe kinasema ta. Mpira unasema pu. Pale kibandani ta na pu zilikuwa mtu na mdogo wake, zimeshikana mikono. Nataka kujua hawa wanaziachanisha kiasi gani."

Hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu, na hadi leo sijakutana na kizuri zaidi.

Mchumba wa kwanza alikuwa tajiri. Unamlipa kwa mwezi naye anakufungulia ghala la gemu ambalo usingelimaliza hadi mtoto aanze shule. Hakuna hata moja inayokuwa yako. Ukiacha kulipa, mlango unafungwa. Picha yake ilikuwa nzuri mno. Majani ya uwanja yalikuwa na umande, jasho lilionekana kwenye shingo za wachezaji. Dada alifumba macho, akapiga penati. Ta, pu. Akapiga tena. Ta, pu.

"Zimeshikana," akasema kwa sauti ndogo. "Mdogo wangu, zimeshikana!"

Jumapili iliyofuata alikuja wa pili. Huyu hakuwa na ghala. Alikukopesha mashine tu, gemu ulete mwenyewe, uliyoinunua kwingine. Nilinunua ya mpira, ya zamani kidogo, kwa sababu gemu ikishakuwa yako unaweza kuhama nayo. Ta na pu zake zilikuwa safi. Lakini tulikuwa tunamjaribu bila kulipa, na wasiolipa wanapanga foleni. Tulipanga. Tuliingia. Dada akiwa ndiyo kwanza amempiga chenga beki wangu wa mwisho, kioo kikatuaga kwamba muda wetu umekwisha.

"Huyu ni wa kukuita kwenye chakula halafu anaondoa sahani," dada akasema.

Wa tatu alikuwa maskini wa sura. Bei yake ndogo, gemu zake chache, picha yake hafifu. Wachezaji hawakuwa na pua. Nyuso zao zilifanana na ndizi zilizochemshwa, na watazamaji jukwaani walikuwa kama ukungu wa Mlima Meru asubuhi. Ta na pu hazikuachana, hilo nililikubali. Dada alicheka hadi mtoto akashtuka mikononi mwa baba yake.

"Mshenga! Umenileta kwa nani?"

Kwa hiyo tulimchagua wa kwanza, tukamlipia mwezi, tukawaaga wengine. Nilijiona mtu makini. Nilikuwa nimelinganisha, nimepima, nimesikiliza. Jioni ile Meru uliondoa mawingu na kusimama mzima dirishani kwangu, na nikauona kama unanipongeza.

Kule Kikatiti mambo yalianza kubadilika. Dada alikuwa anamaliza mtori bila kubembelezwa. Alikuwa anaimba akimwogesha mtoto. Mama mkwe si mtu wa kupitwa na mabadiliko katika nyumba yake. Akamkalisha chini na kumuuliza, na dada yangu, ambaye hajui kudanganya, akasema yote: padi, Jumapili, shemeji, mshenga wa Sekei.

"Alikasirika?" nikauliza nilipopigiwa.

"Alisema tu: Jumamosi jioni, mbele yangu. Kama kinakupa furaha nikione. Kama kinakuchosha, kinaingia kabatini mpaka utoke uzazini."

Jumamosi jioni! Siku yetu yenyewe. Hatukungoja kuambiwa mara mbili.

Siku hiyo nilifagia chumba kama vile mgeni angepita kwenye kioo. Nilikaa, nikaegemeza simu kwenye kikombe. Upande wa pili nilisikia sebule iliyojaa: wanawake wa kwaya walikuwa wamekuja kuona mtoto, vikombe vinagongana, na mama mkwe anawaelekeza pa kukaa.

"Shikamoo mama," nikasema kwenye simu.

"Marahaba mwanangu. Haya, tuonyesheni huo mpira wa kutumwa."

Tukaanza. Dada akabonyeza. Ta.

Nikasubiri. Wote tukasubiri.

Pu.

Mchezaji wake alikwenda hatua moja na kuganda, mguu mmoja hewani, kama kuku anayefikiri. Picha nzuri ile, ya umande na jasho, ikavunjika kuwa miraba mikubwa ya kijani. Ikarudi, ikavunjika. Mpira ulikuwa hapa, mara ukawa kule, bila kupita katikati. Dada alijaribu chenga yake. Alibonyeza kwa wakati ule ule aliobonyeza utotoni, na mchezaji akaitii chenga wakati beki alikwisha kwenda na mpira. Kwangu mambo hayakuwa bora. Nilifunga goli sikuliona, niliambiwa tu matokeo.

Wanawake walicheka kwanza kwa upole. Halafu mmoja akasema, "Wamechoka hao, wapeni mtori," na wote wakaangua kicheko. Kilikuwa kicheko kizuri kisicho na ubaya, na ndiyo sababu kilimuumiza. Nilimsikia dada akisema, "Samahanini, namnyonyesha mtoto," na mlango wa chumbani ukafungwa.

Mama mkwe akachukua simu. "Mwanangu, nimeona. Mtu aliyekuwa anaimba jana ameingia ndani ameinama. Hiki kitu nakiweka kabatini." Nikasikia kabati la vyombo likifunguliwa, glasi zikisogezwa, na padi ya dada yangu ikiwekwa kati yake.

Usiku huo sikuandika kitu. Nililala na swali moja: kilichokuwa kimeshikana Jumapili kimeachanaje Jumamosi?

Jibu lilinijia asubuhi, likiwa limevaa vizuri. Nilikuwa natoka ibada ya kwanza, napanda kwenda nyumbani, na mtaa mzima wa Sekei ulikuwa unateremka kwenda ya pili. Baba wenye suti, mama wenye vitambaa vya kwaya, vijana wale wale ambao jana jioni walikuwa wanatazama mpira kila mmoja kwenye simu yake, mabinti wanaopiga simu za video vibarazani. Wote hao, na simu zao zimezimwa ndani ya mikoba na mifuko ya koti. Walinisalimia, niliitikia, na mwisho nilisimama katikati ya njia nikicheka peke yangu, hadi mama mmoja akaniuliza kama niko salama.

Kila Jumapili tulikuwa tumepima huku watu wote wakiwa kanisani, na hakuna aliyegombania intaneti nasi.

Sikumpigia dada. Hili lilitaka mguu. Nilinunua nyama ya mtori, nikapanda gari la Kikatiti, na nilipofika nilimkuta kitandani, anaangalia mbao zake za dari. Nikamweleza. Alisikiliza, mtoto begani, na nikaona uso wake unafunguka polepole.

"Unakumbuka mfereji wa kwa babu?" akasema.

Nilikumbuka. Likizo za utotoni tulitumwa kulinda zamu ya maji. Kwenye mteremko ule mfereji ni mmoja na mashamba ni mengi, na kila nyumba ina siku yake ya kufungulia. Siku ya zamu yako maji yanakuja yamejaa, yanakimbia kati ya migomba hadi unaogopa. Watu wakifungua wote kwa pamoja, kila shamba linapata matope.

"Sisi tumepima maji siku ya zamu yetu," dada akasema. "Mfereji mzima wetu peke yetu, halafu tukamsifu mchumba."

Tulicheka mno, na mama mkwe akaja mlangoni na mwiko mkononi kuona kuna nini. Nilisimama, nikamwamkia. Dada hakungoja.

"Mama, nikuulize. Siku ya zamu yako ya maji, jirani akifungulia shambani kwake, unafanyaje?"

Macho ya mama yakawaka. Alikuwa maarufu kwa jambo hilo, shemeji alishanieleza. "Nafanyaje? Naenda na jembe, naziba. Halafu namwita atoke aone nilivyoziba."

"Hata kama jirani ni mtu wa kwaya?"

"Hasa wa kwaya. Anajua amri za Mungu."

"Basi mama, jana kuna mtu alifungulia kwenye zamu yangu."

"Nani?"

Dada akaangalia simu iliyokuwa kwenye mfuko wa aproni ya mama. Ilikuwa inaimba. Ilikuwa inaimba tangu nimefika. Mama alirekodiwa na wenzake kila mazoezi, na video hizo alizitazama kutwa, moja baada ya nyingine, kwa intaneti ya ruta ile ile iliyokaa juu ya tivii.

"Mimi?" Mama akaitoa simu, akaiangalia kama ng'ombe wake mwenyewe aliyekutwa kwenye shamba la mtu.

"Wewe, mama. Na wale wageni wako wote uliowapa namba ya siri ya ruta ili uwaonyeshe video ya Pasaka."

Shemeji, aliyekuwa sebuleni, aliacha kutikisa gazeti. Halafu mama mkwe akacheka. Alicheka kwa ile sauti yake ya kwaya, akiegemea mlango, mwiko ukidondosha mchuzi sakafuni.

"Nimemwibia mzazi maji! Mimi!" Akajifuta macho. "Mwanangu, kwa nini hukuziba?"

"Umeniambia mikono ipumzike."

Hapo hata shemeji alishindwa kujizuia. Mama akaenda kabatini, akasogeza glasi, akarudi na padi ikiwa imefutwa vizuri kwa kitambaa cha vyombo. Akamkabidhi dada kwa mikono miwili, kama mtu anavyomkabidhi mwenzake mtoto. "Jumamosi nitafunga mfereji wangu," akasema. "Lakini majirani wa Kikatiti nzima siwezi kuwaziba."

"Hao tuachie sisi," nikasema, nikijua tayari ni kwa nani tutarudi.

Wiki ile tuliwapima upya, jioni, watu wote wakiwa macho na simu zao. Wa kwanza, tajiri wetu, akashindwa tena. Picha yake ilikuwa nzito kama kabati, haikupita kwenye njia yenye watu. Wa pili alijitahidi, akatuweka foleni. Wa tatu, yule wa nyuso za ndizi, alikuja na picha yake nyepesi, hafifu, isiyo na pua, akapenya.

Dada akafumba macho. Ta, pu.

"Kumbe," akasema.

"Kumbe," nami nikasema.

"Mwambie nimekubali. Pua atakuja nazo mbele ya safari."

Jumamosi ilifika na manyunyu. Kutoka dirishani kwangu Meru haukuonekana, ulikuwa umejifunika. Mtaa mzima ulikuwa unatazama mpira, nilisikia kelele zikitoka nyumba hii na ile. Nilikaa, nikaegemeza simu kwenye kikombe kile kile. Upande wa pili nilisikia sauti ya mama mkwe ikitangaza kwa wanakwaya wake, ambao safari hii walikuja wenyewe bila kualikwa:

"Simu zote mezani. Zizimwe. Leo ni zamu ya mzazi. Nitakayemkuta amefungulia, atanijua."

Nikasikia simu zikiwekwa mezani moja moja, kama sadaka.

Tukaanza. Kwenye kioo changu kulikuwa na watu wasio na pua wakikimbia katika ukungu wa kijani, na sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Kila nilichobonyeza kilitokea. Kila alichobonyeza dada kilitokea, kwa bahati mbaya yangu. Alianza taratibu, kama mtu anayepapasa swichi katika nyumba aliyohama zamani. Halafu akaipata. Nilijua ameipata kwa sababu alianza kuongea mambo mengine.

"Hivi ile riwaya yako imeisha?" akauliza, akimpita kiungo wangu.

"Bado."

"Tatizo nini?" Akampita mwingine.

"Mhusika hataki kurudi nyumbani."

"Mwache apate sababu," akasema, na ta-pu, goli.

Sebule ya Kikatiti ililipuka. Juu ya sauti zote nilimsikia mama mkwe, mtoto mikononi mwake, akimpigia kelele mwamuzi ambaye alikuwa hajafanya kosa lolote. Mwanakwaya mmoja akauliza yupi ni yupi. Mama akamjibu kwa dharau ya mtu aliyeujua mchezo kwa robo saa: "Wekundu ni wetu. Wale wengine ni wa Sekei, wasikushughulishe."

Nilisawazisha. Ndiyo, nilisawazisha, na naomba iandikwe mahali. Nilikuwa nimeliota hilo tangu benchi za Daraja Mbili. Kwa dakika chache nilikuwa msichana ambaye leo hachoti maji.

Halafu mwishoni kabisa mpira ukamfikia mshambuliaji wake, mgongo kwenye goli langu, na nikamtuma beki. Nilijua kinachokuja. Nimekijua nusu ya maisha yangu. Nilibonyeza mapema, nilibonyeza vitufe vyote, na dada yangu akarudi nyuma ile hatua yake moja. Beki wangu akaenda zake kwenye ukungu.

Ta, pu.

Sikuona wavu, picha haikuwa na nguvu za kuonyesha wavu. Nilisikia. Nilisikia wanawake wakipiga vigelegele kama vile mtoto amezaliwa mara ya pili, nilisikia shemeji akipiga meza, nilisikia mtoto akilia na mama mkwe akimbembeleza kwa maneno, "Nyamaza, nyamaza, ni mama yako huyo, umemwona mama yako?"

Kisha filimbi. Kisha padi ikawekwa juu ya meza ya kioo, taratibu. Sebule ikanyamaza, maana walihisi kuna kitu kinakuja, kama zilivyokuwa zikinyamaza benchi.

"Mdogo wangu," dada akasema. Sauti ilikuwa imejaa, haikuwa na chozi hata moja. Niliweza kukiona kidole chake kilivyonyooka kuelekea magharibi, kupita mashamba yote na barabara yote, hadi Sekei.

"Ndiyo dada."

"Ndoo hiyo."

Nilipokuwa bado nasikia kicheko chao, nilichukua ndoo nyuma ya mlango. Tangi la nyumba yetu lilikuwa limejaa na bomba la uani halikatiki maji siku hizi. Nilitoka hivyo hivyo kwenye manyunyu, nikafungua bomba, na maji yakaja kwa nguvu, yakagonga chini ya ndoo. Jirani aliyekuwa anaanua nguo akaniuliza ninachota maji ya nini na mvua inanyesha.

"Nimefungwa," nikamwambia, na nikaijaza ndoo hadi juu.